Isikike Kuanzia Konani

Daktari wa meno alikuwa amelala chali kitandani mchana kweupe, madirisha yamefungwa, feni inazunguka. Viatu vilikuwa sakafuni, simu sikioni.

"Uko wapi?"

"Nimefika kwenye kona, hapa duka la dawa," fundi alijibu. "Unalisikia gari?"

"Hapana. Njoo."

Alilisikia lilipokuwa limeshafika getini, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kupiga hodi. Akainuka, akavaa viatu, akatoka kumwambia fundi kwamba ekzosi hii nayo haifai.

Fundi alishuka garini akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Ekzosi, yaani mabomba ya moshi ya magari, ndiyo ilikuwa kazi yake, na wateja wake wengi walikuwa vijana wanaotaka kugeuza shingo za watu barabarani. Mteja mtu mzima, mwenye shati lililopigwa pasi, hakuwa amemzoea.

"Daktari, hii ndiyo inayopendwa. Ukiwa ndani ya gari, inakuimbia."

"Nikiwa ndani ya gari sina shida. Nataka aliye chumbani aisikie. Mlango umefungwa, feni inazunguka, na gari bado liko kwenye kona."

Fundi alimwangalia kidogo, kisha akatabasamu. "Nimekupata. Shemeji apate muda wa kujiweka sawa kabla mzee hajaingia."

"Kitu kama hicho."

Walirudi wote gereji. Gari lilikuwa la milango minne, la chini, lenye mbio, na lilitoka kiwandani likiwa kimya ajabu. Ukimya huo ndio daktari alioupenda alipolinunua. Alikuwa akifika nyumbani, hata paka aliyelala juu ya ukuta hafungui jicho.

Fundi alilipandisha tena, akaanza kulegeza bolti. Mabomba yalining'inia ukutani, mengine yaking'aa, mengine yameungua rangi ya samawati mwishoni. Aliteremsha moja nene.

"Imebaki hii. Haina sailensa ya katikati ya kupunguza kelele. Nakwambia ukweli, majirani watakuchukia."

"Watazoea."

"Na wewe je, utaipenda?"

Daktari aliliangalia bomba. Hakulipenda wala hakulichukia. Mwezi mzima alikuwa hivyo. Chakula alikula, wagonjwa aliwatibu, utani aliucheka pale ulipotakiwa kuchekwa. Hali hiyo aliifahamu, maana kila siku aliwachoma watu sindano ya ganzi: mkono wa daktari unauhisi, chuma unakisikia kikigonga jino, maumivu tu ndiyo hayafiki.

"Ifunge," alisema.

Wakati fundi akichomelea, mkewe alipiga simu. Alikuwa amewapeleka mabinti wao wawili kwa mama yake, kumsalimia.

"Baba watoto, umekula?"

"Nimekula."

"Kaka yako anasema siku hizi umekuwa mkimya mno. Ana wasiwasi na wewe."

"Mwambie ni kazi tu."

Kaka huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kisha gari, na siku ya harusi ndiye aliyesimama mahali pa baba. Aliishi mtaa wa nyuma, na kwa mdogo wake hakuwa mgeni. Kikombe chake kilikuwepo, na kiti chake hakikukaliwa na mtu mwingine.

Ekzosi ilipopoa, daktari alitangulia nyumbani kwa pikipiki ya kukodi. Akafunga madirisha, akawasha feni, akavua viatu, akajilaza.

"Niko konani," fundi alisema kwenye simu. "Unasikia?"

Kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka.

"Nasikia. Njoo polepole, kama mtu aliyechoka na kazi."

Akaweka simu mfukoni. Aliketi, akavaa soksi, akavaa viatu, akafunga kamba bila pupa. Akanyoosha shuka. Akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akavuka uani, akatoka kwa kigeti kidogo na kukirudishia. Ndipo aliposikia gari likisimama mbele ya nyumba.

Alizunguka ukuta mpaka alipokuwa fundi.

"Mbona unatokea huko?" fundi aliuliza.

"Nilikuwa nasikiliza na huku. Hii hii. Usibadilishe kitu."

Wiki iliyofuata, siku moja alifunga kliniki mapema. Alipofika kwenye duka la dawa alikanyaga mafuta, ingawa hakuwa na haraka. Mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Akaliacha gari litambae hadi getini, akazima injini, akakaa kidogo na mikono kwenye usukani.

Mkewe alikuwa jikoni akikatakata vitunguu. "Pole na kazi," alisema. "Leo umewahi."

"Wagonjwa walikuwa wachache."

Mabinti walirudi kutoka shule. Haukupita muda, kaka mkubwa akapiga hodi mlango wa mbele, akasema alikuwa anapita tu, ameona awasalimie. Mabinti wakamkimbilia baba mkubwa wao, wakamning'inia shingoni. Wakamlazimisha abaki kwa chakula.

"Mdogo wangu," kaka alisema walipokaa mezani, "hilo gari lako siku hizi halikuachii siri. Mtaa mzima unajua umerudi."

"Hata mimi humu ndani namsikia akiwa bado mbali," mkewe alisema, akicheka kidogo.

"Vizuri," daktari alisema.

Akachukua upawa, akampakulia kaka yake kwanza, kama alivyofanya tangu utotoni, kisha mkewe, kisha watoto. Ekzosi ilikuwa nzuri. Tangu ifungwe, hakuwakuta tena mkewe na kaka yake chumbani.