Barua kwa Mhispania

"Hilo jepesi, bwana mifugo," alisema Mzee Urbani. "Tafuta lingine."

Dunstan akafuta "vergüenza", aibu, kwa mara ya pili. Mzee, mwalimu mstaafu, alikuwa ameiandika barua kwa Kiingereza, na kila mstari ulikuwa na heshima iliyovunjwa au fedheha iliyoletwa. Kazi ya Dunstan ilikuwa kuigeuza iwe ya Kihispania. Litembo nzima hakuna mwingine aliyekijua. Yeye alisomea udaktari wa mifugo Kuba. Na nyumba hii aliizoea. Mzee alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na tangu mwaka jana Dunstan alishakuja kumtazama mara kumi na moja.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa yule Mhispania mchimba visima, aliyekwisha kurudi kwao. Tadea, binti wa mzee, alikuwa na mimba ya miezi mitano na mdomo kaufunga kabisa. Mzee alitaka jambo moja tu: mjukuu wake asizaliwe bila baba.

"Wewe ndiye uliyenifumbua macho kuhusu huyo Mhispania. Mungu akubariki."

"Amina, mzee." Jasho likamtoka Dunstan, na baridi ya Litembo ile!

"Sasa hilo ulilofuta, huko kwao anaambiwa nani?"

"Aliyemwaga chai mbele ya wageni."

"Wacha we! Chai? Nataka la mtu aliyekula kwangu, akaniamkia shikamoo, kisha akanichafulia nyumba."

"Deshonra," alisema Dunstan.

"Linauma?"

"Sana, mzee."

"Hilo hilo. Na mtu asiye na haya?"

"Sinvergüenza."

"Loo, tamu! Liandike mara mbili."

Mstari wa mwisho ulimwita mhusika aje Jumapili na wazee wake kwenye sengu, mlo wa ukoo ambako mambo ya nyumba husemwa mbele ya wote. Dunstan akauandika. Hispania ni mbali, alijiambia.

Mzee akamtaka aisome yote kwa sauti, kwanza Kihispania, kisha Kiswahili. Akaisoma. Tadea alisimama mlangoni na birika, macho chini.

"Nipe anwani, mzee, niitume."

Mzee akaikunja taratibu, akaitia kwenye mfuko wa shati la Dunstan, akaupigapiga.

"Imeshafika. Na Jumapili sindano uziache. Ng'ombe wangu hajaumwa hata siku moja."