Tovuti ya Fundi Mnana

Wanyama walipopata mtandao, Mnana mkandarasi alifungua tovuti. Juu aliandika: "Tofali za Mchwa hazina mpinzani." Chini akaandika: "Tofali za Nyigu hazina mpinzani."

Kanga, aliyekaribia kutaga, alisoma juu, akasoma chini, kichwa kikamzunguka. Akamfuata.

"Fundi, nichukue zipi?"

"Zozote, mama. Zote namba moja."

"Namba moja ziwe mbili?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Kanga akazidi kuchanganyikiwa. "Haya, nyumba yako wewe umejengea zipi?"

Mnana akakohoa. "Mimi nimepanga kwa Kigogota, ndani ya mti. Ningejengea za Mchwa, Nyigu angeninunia. Ningejengea za Nyigu, Mchwa naye angenuna."

"Ahaa," akasema Kanga. "Basi nipe namba ya Kigogota."