Mkao wa Mwisho

Thobias alipofika mchangani Kibirizi, kando ya ziwa, alisimama ghafla. Wanawake walikuwa wamelala safu moja kando ya nyavu za kuanikia dagaa, kila mmoja amefunikwa kanga toka kichwani hadi miguuni. Inzi walitua juu yao, wakaruka, wakatua tena. Hakuna aliyewafukuza.

Pembeni, boti ilikuwa imelazwa ubavu, mbao zimelowa chepechepe. Ndiyo ileile iliyotakiwa kumpeleka mkewe Ilagala asubuhi hiyo.

Bibi Melania alikuwa ameketi upande wa vichwa vyao, mikono magotini, macho ameyafumba, kama mtu anayelinda maiti. Thobias alitaka kumwamkia, akaghairi.

Huyu bibi ndiye chanzo cha yote, alijiambia. Alipokuwa binti mdogo kule Ujiji, akifanya kazi kwa mfanyabiashara wa Kihindi, mke wa tajiri alimfundisha yoga. Basi, ikawa ndiyo maisha yake. Alijikunja akiwa mwali, alijinyoosha akiwa na mimba, alijinyoosha akiwa na wajukuu, na sasa nyonga zimegoma anafundisha akiwa amekaa tu. Wabeba dagaa wenye migongo mibovu walimfuata, kisha wajawazito, kisha Esther, mke wa Thobias.

Ah, Esther! Zamani ukimfokea naye alikufokea, yakaisha. Tangu ajifunze kuvuta pumzi, ukimfokea anafumba macho na kupumua taratibu, mpaka unajiona mwendawazimu ndani ya nyumba yako mwenyewe.

“Miaka yote hiyo mnajikunja tu?” Thobias alimuuliza jana yake mchana.

“Kujikunja kitu gani, baba Bariki?” Esther alijibu huku akipanga nguo kwenye begi. “Kazi iko kwenye mkao wa mwisho. Huo sijauweza bado. Natikisika.”

“Mkao gani huo?”

“Nikikwambia utanicheka. Kesho nakwenda kuwafundisha wanawake wa Ilagala. Bibi amechoka, ameniachia mimi.”

“Huendi.”

Esther alifumba macho, akavuta pumzi. “Nakwenda,” akasema.

Sasa Thobias alipita mbele ya safu ile akitazama kanga moja moja. Alikuwa akiomba asiione. Akaiona. Kanga nyekundu, pembeni ina alama ya pasi, aliiunguza yeye mwenyewe wakati Esther amejifungua na kazi za nyumbani zimemwangukia. Loo! Alipiga magoti mchangani. Kuifunua hakuthubutu.

“Mama Bariki,” aliita. “Mama Bariki, nisamehe.”

Inzi wakaruka, wakatua.

“Ni mimi,” alisema, na machozi yakamtoka kama mtoto. “Boti hii niliiunda kwa mikono yangu, najua kila mwanya. Jana jioni nilikuja nikachomoa pamba inayoziba mbao. Nilitaka ivujie hapahapa ufukweni, uogope, urudi nyumbani. Basi! Sikutaka ufike katikati ya ziwa. Wala hawa wenzako, wana kosa gani hawa? Hasira tu, mke wangu. Hasira imeniponza.”

Alijiinamia mpaka paji la uso likagusa mchanga. Hofu aliyoihisi hajawahi kuihisi, hata siku dhoruba ilipomkuta ziwani peke yake. Wapagazi waliokuwa wakipita na magunia walisimama. Hakuna aliyesogea kumshika mkono, na hilo likamwogopesha zaidi.

Bibi Melania alifumbua macho.

“Umemaliza?” aliuliza.

Thobias aliinua uso, mchanga umemganda kwenye paji.

“Tangu boti hii ivuje hapahapa tukaivuta nchi kavu,” alisema bibi, bila kupandisha sauti, “tunajiuliza ni nani aliyeiharibu.”

Akayatazama maji kidogo. Kisha akapiga kofi moja, taratibu.

“Haya, akina mama. Vuteni pumzi. Geukieni ubavu wa kulia, polepole, kisha mkae.”

Kanga zikaanza kutikisika, moja baada ya nyingine, nyuso zikajitokeza. Ile nyekundu ndiyo iliyochelewa.

“Mkao wa maiti leo umeuweza, mwanangu,” Bibi Melania alimwambia Esther. “Hukutikisika hata kidogo.”