Mkono wa Kushoto

Kulungu dume alitoka kwenye mahindi akasimama karibu na kibanda cha turubai. Ndani ya kibanda, Delmar alikuwa ameshavuta upote wa upinde. Ubavuni pake aliketi binti yake, tumbo la mimba limebana zipu ya koti.

"Ukikosa leo, mzee, kanisa zima litajua," binti alikuwa amemtania garini asubuhi.

Pumzi ya Delmar ilitulia. Mabega yakatulia. Mkono wa kushoto tu, ulioshika upinde, ndio uliokataa. Kidole gumba kilianza kuruka, kisha kiganja kizima, na mshale ukawa unagonga upinde, tik, tik, tik. Aliukaza mkono kwa nguvu zake zote. Ukazidi.

Dume aliinua kichwa, akawatazama, akatokomea msituni.

"Baridi hii," Delmar alisema, akishusha upinde.

Binti yake hakucheka. Tangu utotoni alimwona bibi yake, mama yake Delmar, akimwaga kahawa kwa mkono unaoruka hivyo hivyo, kabla hajashindwa kutembea, kisha kumeza, kisha kuwakumbuka. Daktari aliwaambia ugonjwa ule hurithiwa.

"Umeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Baba! Kabla sijashika mimba nilikuuliza. Ukaniambia u mzima."

"Nilidhani utapita."

Binti yake alivua glavu. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, vidole wazi.

"Mwanangu..."

"Kaa kimya," alisema, macho hayabanduki kwenye vidole. "Usitikisike. Nataka kuona kama na yangu inaruka."