Kijiti cha Kupimia

Ndege ndogo ilisimama katikati ya shamba la mahindi, bawa moja limelalia mabua yaliyovunjika. Mafuta yalikuwa yamekwisha angani, na mji waliokuwa wakiuendea ulikuwa bado ng'ambo ya vilima.

Lugendo alimshusha mama mkwe wake, Bi Sikudhani. Leseni ya urubani ya Lugendo ilikuwa haijatimiza miezi miwili. Asubuhi, kwa hamu ya kumwonyesha mkwewe ubingwa, hakuuliza habari za upepo, wala hakupima tangi kwa kijiti kama alivyofundishwa. Alitupia jicho mshale wa mafuta, akasema, "Yanatosha, Mama."

Mwenye shamba akaja mbio. "Kumetokea nini?"

Lugendo aligeuka kutazama bawa lililolalia mabua.

"Upepo, mwanangu," Bi Sikudhani akajibu, akikung'uta vumbi kwenye khanga. "Mkwe wangu amepambana nao mpaka akatufikisha chini wazima."

"Basi huyu ndiye rubani!" Yule mtu alimshika Lugendo mkono, akautikisa kwa nguvu, kisha akakimbia kuwaita wenzake.

Walipobaki wawili, Bi Sikudhani alifunua khanga akatoa kijiti chembamba chenye alama za lita.

"Kilikuwa chini ya kiti changu tangu tunaondoka," alisema bila kumtazama. "Niliona haya kukuuliza ni cha nini."

Lugendo alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kikavu. Nyuma yake mabua yalianza kutikisika, watu wakija, na wanawake waliotangulia walikuwa tayari wanapiga vigelegele.