Onyesho la Kwanza la Athanas

Asubuhi hiyo tasnia ya filamu ilipata mtunzi mpya: Athanas wa Kidato cha Nne, msomaji wa miswada mitatu iliyoshinda tuzo, miwili kati yake bila kuielewa.

Miswada hiyo ilimfundisha kwamba msiba hausimuliwi, unaonyeshwa. Basi akaandika duara, yaani shimo la dhahabu, la Nyarugusu likititia, mchimbaji akibaki chini, juu ikiokotwa kofia yake tu. Ili kupima kama onyesho linaliza, alimpa mchimbaji jina la baba wa jirani yake wa dawati, akauchomeka ukurasa kwenye daftari la binti huyo.

Lilimliza. Binti alidhani ni taarifa kutoka machimboni.

Sasa binti alikuwa ameketi juu ya tranka lake bwenini, sweta kalivaa ndani nje, lebo ikimgusa kidevu kila alipovuta pumzi.

"Simu ya baba haipatikani," alisema. "Mama nimeshamwambia. Ameanguka, kazimia."

"Mbebee tranka, mwanangu, gari linasubiri," matroni alimwambia Athanas, aliyemwita asaidie mizigo, kisha akaukunjua tena ule ukurasa. "Ila hapa juu, 'Nje, machimboni, mchana', ndiyo nini?"

Athanas aliitazama ile lebo.

"Ndivyo onyesho linavyoanza, Matroni. Niliandika mimi. Baba yake mzima. Nadhani."