Siku ya Shemeji

Blanketi la heshima, lenye nyota kubwa ya vipande vya kitambaa, lilimpita Wilmer puani likaenda kutua mabegani mwa mkuu wa zimamoto wa mji wa ng'ambo ya mto. La pili akapewa muuguzi. La tatu akapewa mama mzungu wa duka la mbegu, ambaye Wilmer hakujua ametenda jema gani tangu azaliwe.

Ngoma ilirindima. Zahanati mpya bado ilinukia rangi. Kasino ya Wadakota, wenyeji wa asili wa Marekani, ndiyo iliyoijenga, nayo zahanati ilikuwa na milango miwili: mmoja ulitazama ardhi ya kabila, wa pili ulitazama mji wa wazungu.

Wilmer alijua siku ile ni ya nani. Nani mwingine kama si Clifton, shemeji yake, mwenyekiti wa kasino? Mji ukipata gari la zimamoto, asifiwe Clifton. Watoto wakipata basi la shule, asifiwe Clifton. Gazetini Clifton, meno yote nje.

Mara moja tu Wilmer alijaribu kumkata maringo. Clifton alikuwa anauomba mkutano wa kabila kibali cha kuwanunulia wazungu lile gari la zimamoto, Wilmer akainuka na kumkejeli: "Gari peke yake? Si uwajengee na zahanati kabisa! Na mlango wao wapewe!" Alitegemea watacheka. Wakapiga makofi, naye akakaa kanuna.

Sasa Clifton alikuja kuketi ubavuni mwake na bakuli la supu ya nyati.

"Shemeji, mbona uso umeukunja kama ngozi iliyosahauliwa juani? Hujapata blanketi?"

"Silitaki. Kwangu yamejaa."

"Yamejaa? Una hakika?" Clifton akacheka mpaka supu ikamwagika.

Wilmer akageukia pembeni. Majira yote ya baridi Ardis, mkewe, alikuwa akishona mablanketi hayo. Akiulizwa ya nani, hujibu, "Ya mwenye kuheshimiwa." Kwa Wadakota, mwenye kuheshimiwa hapewi zawadi, jamaa zake ndio wanaowagawia wengine. Na Clifton ni kaka yake Ardis, tumbo moja. Wilmer mwenyewe soksi zake zilikuwa na matundu, na sindano haikuwahi kuzigusa.

Ardis akapita tena katikati ya ukumbi. Safari hii hakubeba blanketi. Alibeba tandiko la farasi, la ngozi nyeusi, lenye mkwaruzo pembeni. Wilmer aliujua mkwaruzo ule. Aliuweka yeye mwenyewe.

Tandiko likaenda kwa dereva wa basi la shule.

Wivu ukampanda. Kwamba mkewe amhudumie kaka yake, sawa. Lakini kwa tandiko lake! Akaruka kutoka kitini, kidole juu, kinywa wazi.

Ngoma ikakatika ghafla. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Mwoneni!" mshereheshaji akaguta kwenye kipaza sauti. "Hata hatujamwita, ameshasimama! Ndivyo alivyosimama siku ile mkutanoni akatudai zahanati, tena yenye mlango wa majirani. Inukeni nyote, tumchezee Wilmer ngoma ya heshima!"

Clifton akamsukuma taratibu mgongoni.

"Nenda, shemeji. Na ukirudi nyumbani, usihangaike kumtafuta farasi."